Kengele Ilipoanza Kuita Kahawa

Kengele ya kigango chetu ilikuwa rimu ya lori. Ilining'inia kwenye tawi la mkaratusi nyuma ya kanisa, na nyundo yake ilikuwa kipande cha nondo ambacho baba alikificha ndani, chini ya benchi, ili watoto tusikichezee. Kanisa lilikuwa juu kabisa ya mlima, upande wa Mpepai, kwa hiyo rimu ile ikigongwa ilisikika hadi kwa watu wa ng'ambo ya bonde.

Baba alikuwa katekista. Padre alikaa parokiani, mbali, na masika barabara ikigeuka tope hatukumwona kabisa, basi yote yaliyobaki yalimwangukia baba: ibada ya Jumapili, mafundisho ya watoto, maziko, ugomvi wa mume na mke, hata kuwasomea wazee barua za watoto wao waliohamia mjini. Mshahara hakuwa nao. Watu walimpa ndizi, walimpa mahindi, walikuja siku moja moja kumchimbia ngolo, yale mashimo ya kwetu ya kulimia mlimani, na walimwita Mwalimu.

Kengele ya Jumapili ilikuwa ya haraka haraka. Ilikuwepo na nyingine, tuliyoiita kengele ya kuaga. Hiyo baba aliigonga mara moja, akanyamaza kwa muda wa Salamu Maria nzima, kisha akagonga tena. Maana yake ni kwamba kuna Mkristo anayekata roho, na padre hawezi kuwahi. Kila aliyeisikia aliacha jembe shimoni, aliacha chungu mekoni, akaja kama alivyo. Walijaa ndani ya nyumba ya mgonjwa wakaimba mpaka mwisho. Kwetu kufa peke yako ilikuwa aibu ya kijiji kizima.

Bibi yangu, mama yake baba, aliisubiri ya kwake kama wengine wanavyosubiri harusi. Alikaa kwenye nyumba yake ndogo kando ya yetu, mkali, mcheshi, mimi akiniita mke mwenza na kunidai ugoro. "Siku ya kengele yangu," alizoea kusema, "nataka nyumba ijae mpaka mkose pa kukanyaga. Na asiyekuja nitamjua, hata nikiwa nimefumba macho."

Mama yeye alitoka ziwani, kwa watu wanaovua na kusali Kianglikana, akapandishwa milimani na ndoa. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, na wakati wa Komunyo alibaki ameketi akitazama mlango. Kuna wanawake waliomteta: mke wa katekista, na hajapokelewa kwenye Ukatoliki! Mama aliwajibu kwamba Mungu alikwisha kumpokea kule Nyasa, na haoni kwa nini apokelewe upya eti kwa sababu amepanda mlima. Bibi alicheka jibu hilo wiki nzima. Walipendana sana, bibi na mkwewe, ingawa kwa maneno yao ungedhani wanagombana.

Halafu soko huria likatufikia na sisi. Zamani kahawa yote ilikwenda ushirika, na malipo yalikuja kwa awamu. Awamu nyingine tulizisubiri mpaka tukazisahau. Sasa wakaanza kuja wanunuzi wenye magari yao na pesa taslimu. Wa kwetu alikuja na pikapu nyekundu na shati lililonyooshwa, akamwamkia bibi Shikamoo kwa kuinama sana mpaka bibi akamwuliza kama mgongo unamsumbua. Kisha akaketi na baba.

"Mwalimu, nitasema kweli," alisema. "Hawa watu mimi hawanijui. Wewe wanakuamini. Kuwa wakala wangu. Nakupa mizani, nakupa baiskeli, na kila kilo ina chako."

Baba aliomba muda wa kufikiri. Lakini mimi nilijua alichokuwa anafikiri, maana kilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa sekondari ya serikali. Shule moja ya misheni ilikuwa tayari kunichukua mwaka unaofuata, kwa ada, na ada ile haikuwemo ndani ya kahawa yetu wenyewe hata tungeichuma na majani yake.

Jioni ile mezani baba akasema, bila mtu kumwuliza, "Kuuza kahawa si dhambi."

"Nani amesema ni dhambi?" mama akauliza.

"Hakuna."

"Basi unamjibu nani?"

Baba akamega ugali. Kesho yake akakubali, na mimi nikaenda kucheza nikiimba.

Shida ilikuwa barabara. Pikapu ile ilitokea upande wa Kitai, na hakuna aliyeweza kusema itafika lini. Ikifika, watu wako mashambani, kahawa iko kwenye vichanja vya kuanikia, na mnunuzi ana haraka ya kwenda kijiji kingine. Ndipo akasema, bila ubaya wowote, "Mwalimu, si una kengele?"

Baba alisita. Namtetea kwa hilo, alisita. Akasema ataigonga haraka haraka tu, ile ya kuaga haitaguswa. Kweli siku ya kwanza akaigonga haraka haraka, ilikuwa katikati ya juma, na watu wakaja mbio. Nusu yao walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Walidhani padre amefika. Wazee walikuwa na rozari shingoni, na nyuma ya wote akaja bibi na kitenge chake kipya, akihema, fimbo mkononi. Akatazama huku na huku.

"Padre yuko wapi?"

Akaonyeshwa mizani, imening'inizwa kwenye tawi lile lile la kengele.

"Mimi nimeanza kutubu tangu njiani," bibi akasema. "Sasa dhambi zangu hizi nizipeleke wapi? Mtanipimia?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba naye alicheka, huku akifunga na kufungua kamba ya gunia lililokuwa tayari limefungwa.

Wiki zilizofuata hakuna aliyekuja na rozari. Watu wanajifunza haraka. Kengele ikilia, wanakwenda moja kwa moja kwenye kichanja, wanakusanya kahawa iliyokauka, wanajitwika. Walilipwa hapo hapo, wakafurahi, na mimi siwezi kuwalaumu, maana nilifurahi kuliko wote. Mnunuzi akaleta bati za kuziba upande wa kanisa uliokuwa unavuja. Padre alipokuja alizitazama zile bati akamshukuru sana, akasema Mungu hutumia watu wa kila aina. Baba alitembea kifua mbele siku ile.

Katikati ya hayo baba aliendelea kufundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, mimi nikikaa nyuma na wadogo zangu kwa kuwa sikuwa na kazi. Siku moja akafika kwenye habari ya Yesu na wale watu waliomtega kuhusu kodi, jinsi alivyoomba aonyeshwe sarafu na kuwauliza ni sura ya nani iliyomo. Ili tuelewe, baba akatoa noti mfukoni, ya pesa za mnunuzi, mpya kabisa, akainyanyua juu.

"Haya. Hapa mnaona sura ya nani?"

"Twiga!" darasa zima likaitika.

Na kweli noti mpya zilikuwa na twiga. Baba akaigeuza noti, akaitazama, akacheka. "Basi tumpe twiga kilicho cha twiga," alisema. Kisha akamwonyesha kidole mtoto wa mbele. "Na wewe je? Wewe una sura ya nani?"

Mtoto yule akafikiri. "Ya mama."

"Na mama yako?"

"Ya bibi."

"Endelea hivyo hivyo mpaka mwisho," baba akasema, "utamkuta Mungu. Basi pesa irudi kwa mwenye pesa, na wewe urudi kwa mwenye wewe." Aliirudisha noti mfukoni taratibu, na somo likaisha mapema kuliko kawaida.

Siku hizo dereva wa mnunuzi alikuwa ameshazoea. Akifika hamsubiri baba. Anaigonga rimu mwenyewe kwa spana, siku nyingine haraka, siku nyingine moja moja kwa uvivu huku akivuta sigara. Mama ndiye aliyeliona.

"Katekista," alimwita hivyo akitaka kumchokoza, na siku hiyo hakuwa anamchokoza. "Watu watajuaje hili ni gari au ni mtu?"

"Ya kuaga nagonga mimi," baba alijibu. "Mkono wangu wanaujua."

Kipindi cha baridi, katikati ya uchumaji, kifua kikamshika bibi. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa, akarudi, akasema hataki kupelekwa tena popote kwa sababu kitanda cha kule kinanuka watu asiowajua. Mama alihamia nyumbani kwake, akalala sakafuni pembeni ya kitanda. Kisha asubuhi moja yenye ukungu mama akanituma nimkimbilie baba, aliyekuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Alikuja na maganda mikononi. Akamtazama mama yake, akasikiliza anavyohema, akatoka kwenda kanisani bila kuvaa koti.

Nilibaki na mama. Kengele ikalia mara moja. Kimya. Ikalia tena.

Alichokiona baba akiwa kule juu alitusimulia baadaye. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda na ng'ambo ya bonde aliwaona watu wamesimama katikati ya mikahawa, wakisikiliza. Akawaona wanaacha vikapu. Moyo wake ukatulia: wanakuja. Halafu akawaona wanageuka, kila mmoja kuelekea kwake, kwenye kichanja, na kuanza kukusanya kahawa. Baba alizidi kupunguza mwendo wa kengele. Akagonga moja, akasali, akasubiri, akagonga moja. Alidhani wakisikia vizuri wataelewa. Wao walifunga magunia.

Ndani ya nyumba bibi alifungua macho.

"Gari limefika," alisema.

Mama akanitazama mimi, nami nikatazama chini.

"Mkwe, mbona umekaa? Kahawa yenu iko nje. Wenzenu watapanga foleni, ninyi mtapimiwa jioni."

Mama akaanza kuimba, wimbo wa kwao wa Kinyasa, wa kanisani kwao kule ziwani, kwa sauti ya chini. Alikuwa analia na hakutaka kuonekana analia, kwa hiyo aliimba akiwa amegeukia ukuta.

"Imba," bibi akasema, "lakini mtume mtoto akashike nafasi."

Baba akaingia. Alikuwa amekimbia, jasho linamtoka na baridi yote ile. Bibi akampa maneno yale yale. "Nenda kwenye mizani, mwanangu. Watu wasikae na baridi wakikungoja."

Sijawahi kumwona mtu mzima akipigwa na neno namna ile. Baba alipiga magoti akaweka uso kwenye blanketi. Alipouinua alisema, "Mama, hakuna gari. Kengele hii ni yako."

"Yangu?"

"Yako, mama."

Bibi alilifikiria jambo hilo. Niliona uso wake unajaribu kulipokea. "Mbona basi sisikii watu?"

Hapo hapo tukasikia miguu. Walikuwa wamefika kanisani, hawakukuta pikapu, waliomwona baba akikimbia wakamfuata kuuliza. Pazia la mlango likainuliwa. Ni jirani yetu, mmoja wa wale waliomteta mama, ana gunia kichwani na shingo imekaza.

"Mwalimu, gari limekwama wa..."

Akaona. Aliliachia pazia. Tukasikia gunia lake linatua chini uani, kisha sauti yake, fupi, kwa wenzake. Halafu magunia mengine yakaanza kutua, moja baada ya jingine, kila moja na kishindo chake, kuzunguka nyumba yote. Bibi alisikiliza mpaka vishindo vikaisha.

"Wote hao," aliuliza, "wamekuja kwa ajili yangu?"

Baba yangu alikuwa mtu wa kweli kupita kiasi. Alinichapa mara moja kwa uongo wa sukari, sukari yenyewe ya kulamba kidole. Aliutazama mlango. Akamtazama mama yake.

"Ndiyo, mama," alisema. "Wamekuja kwa ajili yako."

Wakaingia. Waliingia wakiinama mlangoni, mikono ina vumbi la kahawa, mmoja baada ya mwingine, mpaka kweli pakakosekana pa kukanyaga na wengine wakasimama nje wakiimba kupitia dirisha. Mama alitaka kuinuka awapishe wenye bibi yao. Jirani yule akamshika bega akamkalisha. "Wewe kaa hapo hapo ulipo," akamwambia, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema habari ya kupokelewa. Bibi alikata roho adhuhuri. Alikuwa anatabasamu kidogo, nami niliona wivu, kwa kuwa tabasamu lile alizoea kunipa mimi.

Magunia yalilala uani kwetu matanga yote. Watu waliyakalia. Manyunyu yakayalowesha, na kahawa ikilowa tena inapoteza rangi na bei yake, kila mtu pale alilijua hilo. Hakuna aliyelitaja.

Tulipomaliza kuzika baba aliishusha mizani. Aliifunga kwenye baiskeli, akaenda nayo hadi Mbinga mjini, akamkabidhi mnunuzi vyote viwili, akarudi kwa miguu. Mnunuzi hakuelewa. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake na alisema, "Mwalimu, kama ni kengele, mimi nitakununulia nyingine ya biashara tu." Baba akamwambia kengele haina kosa lolote, aliyekosa ni mgongaji.

Mimi nilielewa vizuri sana. Mizani ile ilikuwa shule yangu. Sikuwa mtoto mpole, na hata sasa si mtu mzima mpole: nilimnunia baba, nikamwekea chakula bila kusema karibu. Alinivumilia siku kadhaa, kisha akaniita tukakae nyuma ya kanisa.

"Kahawa yangu ni yangu, naweza kuiuza," alisema. "Nguvu zangu pia. Lakini mtu anaposikia kengele akaacha kazi yake akaja, hakuja kwangu. Alikuja kwa Mungu. Mimi nilikuwa mlangoni tu. Nikachukua kile alichomletea Mungu, nikampa mwenye pikapu."

"Na ada?" nilimwuliza.

"Sijui," baba akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kuendelea kumkasirikia lakini hasira ikakataa, nikamlalia begani.

Mwaka wa kuanza shule ile ulipofika, sikwenda. Nilichuma kahawa. Mwaka uliofuata mama akanishusha ziwani kwa kaka yake, Mwanglikana hasa, anayevua usipa, dagaa wa kule, na huko nikasoma kwenye shule ya karibu, nikianika usipa asubuhi kabla ya kengele ya darasa na kunuka samaki mpaka Ijumaa. Mnunuzi alipata wakala mwingine mlima wa pili, ambaye aliwaita watu kwa filimbi, na kahawa yetu tuliipeleka huko huko kama wengine. Bati za kanisa zilibaki. Mzee mmoja alishauri zirudishwe, baba akasema kama ni hivyo na yeye aje akae chini ya upande unaovuja.

Ilichukua muda watu kuizoea tena kengele. Mara ya kwanza ya kuaga baada ya ile, kuna waliokuja na magunia, wakaona aibu, wakayaacha chini mbali na nyumba. Mara iliyofuata walikuja mikono mitupu.

Nilikuwa mama wa watoto tayari nilipothubutu kumwuliza. Baba alikuwa amestaafu ukatekista, mwenyewe sasa anakohoa, na nilikuwa nimekuja kumwuguza. Nilikuwa namkanda miguu kwa maji ya moto. Nikamwambia, baba, siku ile ulimdanganya bibi.

Aliuchomoa mguu mikononi mwangu, akanipa wa pili.

"Nilipoanza kusema," alinijibu, "ulikuwa uongo. Nilipomaliza, walikuwa wameshaingia."